Kompyuta ya mezani kwa laki nane: usidanganywe na stika

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo ukamwambia kijana wa mauzo kwamba unatafuta kompyuta ya mezani, hatakuuliza unataka kuifanyia kazi gani. Atakuuliza una shilingi ngapi. Ukishamtajia, atanyanyua boksi jeusi lenye stika ya i7 na kukuambia, "Boss, hii moto wa kuotea mbali." Luthuli Avenue jijini Nairobi mambo ni hayo hayo. Stika ile ndiyo inayouza, na ndiyo inayowapotezea watu hela kuliko kitu kingine chochote kwenye biashara hii.

Tuchukue mtu anayefungua steshenari karibu na shule au chuo. Printa na mashine ya fotokopi ameshazipangia fungu lake, na kwa ajili ya kompyuta amebakiwa na shilingi laki nane za Tanzania. Kazi zake zinajulikana: kuchapa barua na wasifu wa waomba kazi, kupanga mitihani ya walimu, kujaza fomu za mkopo wa HESLB, maombi ya Ajira Portal, kusafisha picha za pasipoti, na jioni muziki kidogo. Mwenzake wa Kenya atakuwa kwenye eCitizen na iTax. Hakuna hapo kazi ya kuitoa jasho prosesa. Kinacholemea ni wingi wa vitu vilivyofunguliwa kwa pamoja: mteja mmoja hajamaliza fomu, wa pili anasubiri barua pepe yake ifunguke, mtihani wa mwalimu uko wazi nyuma, na picha ya mtoto wa darasa la saba bado haijakatwa. Kompyuta ya kazi kama hizi inahitaji RAM ya kutosha na diski ya haraka kabla ya prosesa kubwa.

Mpya ya kiwandani yenye jina, pamoja na skrini yake, kwa laki nane ni ngumu kuipata. Soko lako ni mtumba wa ofisi: HP EliteDesk na ProDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Hizi zilinunuliwa na makampuni na taasisi za nje kwa mamia, zikakaa mezani miaka minne mitano, kisha zikauzwa kwa jumla na kupakiwa kwenye makontena. Mimi ningeichukua mojawapo ya hizi mara mia kuliko boksi lenye taa za rangi lililounganishwa dukani kwa vipuri visivyojulikana vimetoka wapi. Zilitengenezwa zifanye kazi saa nane kwa siku, zinafunguka kwa urahisi, na kwa sababu zimejaa sokoni vipuri vyake havikosekani.

Sasa ile stika. i3, i5 na i7 ni madaraja tu ndani ya kizazi kimoja. Umri wa prosesa uko kwenye namba inayofuata baada ya kistari. i7-2600 ni kizazi cha pili, iliingia sokoni mwaka 2011. i5-6500 ni kizazi cha sita. i5-8500 ni kizazi cha nane, ya mwaka 2018. Namba ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za mwanzo: i5-10500 ni kizazi cha kumi. Na i3-8100, ambayo wauzaji huiweka chini ya kaunta kana kwamba wanaionea aibu, inaishinda ile i7-2600 huku ikila umeme kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu anapokuambia "hii ni i7", jibu lako liwe moja: i7 ya ngapi? Stika yenyewe ni karatasi, inabanduliwa na kubandikwa nyingine. Usiisome.

Mstari wa kuukumbuka ni kizazi cha nane. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na masharti rasmi ya Windows 11 yanataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, au AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo bado ni nzima zimejikuta nje ya mstari, na ofisi za nje zinaziondoa. Kwa muuzaji huo ni mzigo wa bei ya chini. Atakuonyesha Windows 11 ikiwaka hata kwenye kizazi cha nne, na wala hakudanganyi, kwa sababu mafundi wana njia ya kuruka ule ukaguzi wa mwanzo. Ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Siku sasisho likigoma, na kwa kawaida litagoma wakati wa msimu wa fomu za mkopo, itakuwa ni wewe na fundi wako.

Unaweza kuujua umri kabla hata ya kuwasha. EliteDesk 800 G3 ni kizazi cha sita au cha saba, G4 ndiyo inayoanza na cha nane. Kwa Dell, OptiPlex 3050, 5050 na 7050 ni za zamani, na 3060, 5060 na 7060 ni za kizazi cha nane. Kwa Lenovo, M710 na M910 ziko nyuma ya mstari, M720 na M920 ziko mbele yake. Andika namba hizi kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Muuzaji akiona unaitafuta namba ya modeli wala huangalii stika, bei yenyewe inaanza kuongea lugha nyingine.

Kizazi cha sita na cha saba kikimbiwe kabisa? Hapana. Mwanafunzi wa nyumbani anayeandika na kusoma, na asiyeogopa kujifunza kitu kipya, atapata mashine nzuri ya bei ndogo akiweka Linux, tuseme Linux Mint, ambayo ni ya bure na inaendelea kupokea masasisho. Kwa steshenari sishauri. LibreOffice, inayotumika humo badala ya Microsoft Office, inafungua faili za Word, lakini mpangilio hucheza: jedwali linasogea, fonti inabadilika, na mtihani wa kurasa mbili unageuka wa kurasa tatu huku mwalimu amesimama mlangoni na pikipiki inanguruma. Mteja hajali ni programu gani unayotumia. Anachotaka ni karatasi yake itoke kama alivyoiona kwake.

Kabla ya kupatana bei, mashine ikaguliwe, na hapa usione haya kukaa muda mrefu. Ukikuta imeshawashwa, omba izimwe, ichomolewe ukutani kabisa, kisha iwashwe upya. Kuna sababu mbili. Kwanza utaona inachukua muda gani kuamka. Pili utaiona saa yake. Ndani ya kila mashine kuna betri bapa ya CR2032 inayoshikilia saa na mipangilio umeme usipokuwepo. Ikifa, kila ukichomoa tarehe inarudi miaka ya nyuma, na tovuti zinaanza kukataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama si halali. Watu wamebadilisha bando, wamebadilisha modemu, wamelipia fundi aweke Windows upya, kumbe ni betri ya bei ya soda. Kasoro hiyo isikufukuze, ila itumie kupunguza bei.

Inapowaka, bonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa Lenovo uingie kwenye mipangilio ya mashine yenyewe. Ikikudai nywila, achana nayo. Hiyo ni nywila iliyowekwa na ofisi iliyokuwa ikiimiliki, na bila yake hutaweza kubadilisha chochote humo ndani. Muuzaji atakuambia fundi wake anaitoa kwa dakika tano. Mwambie aitoe kwanza, ndipo mzungumze.

Ndani ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na ufungue ukurasa wa utendaji. Hapo prosesa inajieleza kwa jina lake kamili, RAM inaonekana ni kiasi gani na imekaa kwenye nafasi ngapi kati ya zilizopo, na diski inaonyeshwa kama ni SSD au hadidiski ya kuzunguka. Uwe na flashi yenye CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure inayosoma afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu, ihesabu diski hiyo kuwa haipo. Kisha weka video ya YouTube ikimbie robo saa wakati unajaribu tundu moja moja la USB kwa ile flashi yako. Sikiliza feni: mvumo wa kawaida hauna shida, mkwaruzo na mlio wa kupanda na kushuka ni dalili ya feni iliyochoka au vumbi lililoganda kwenye kipoza joto.

Halafu omba kifuniko kifunguliwe. Mashine nyingi za ofisi za HP na Dell hufunguka bila bisibisi, unavuta kitasa tu na ubavu unatoka. Vumbi la kawaida linafutika. Unachotafuta ni kapasita zenye vichwa vilivyovimba, harufu ya kuungua karibu na pawa saplai, nyaya zilizofungwa kwa selotepu, na skrubu zenye vichwa vilivyoliwa. Skrubu zilizoliwa maana yake mashine imefunguliwa na mikono mingi, na huwezi kujua kila mkono uliondoka na nini. Angalia pia lebo ya pawa saplai. Ikisomeka 100 hadi 240V, uko salama. Zile za zamani zilizotoka Marekani huwa na kiswichi chekundu cha 115 na 230 nyuma. Kikiachwa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlipuko mmoja tu, na hakuna duka litakalokubali kwamba kosa ni lake.

Kuhusu ukubwa wa boksi nitasema machache. Lile la wastani linalolala au kusimama linatosha steshenari. Tawa kubwa ni ya anayetaka kuongeza kadi ya picha kwa ajili ya usanifu au magemu. Zile ndogo za saizi ya kitabu ni nzuri, ila hutumia RAM ya laptopu na adapta ya nje, ambayo ukiipoteza unatafuta ya aina yake. Jambo moja la kuuliza kabla ya kuchagua modeli: fundi wa mtaani kwako ana vipuri vya ipi? Pawa saplai za maboksi madogo ya HP na Dell zina umbo na viunganishi vyake, haziingiliani na zile za kawaida za dukani. Kama fundi wako ana maiti tatu za OptiPlex kwenye shelfu yake, nunua OptiPlex.

Kwa RAM, gigabaiti 8 ndiyo chini kabisa, na 16 ndiyo raha. Zamani ushauri ulikuwa nunua yenye 4 au 8 kisha uongeze baadaye hela ikipatikana. Ushauri huo umeharibika. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na steshenari ya Mbagala inailipia Silicon Valley. Tafuta mashine ambayo RAM tayari imo ndani, na ihesabiwe kwenye bei ya mapatano. Vipande viwili vya 8 vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja cha 16 kwenye mashine isiyo na kadi ya picha, kwa sababu picha inatumia RAM hiyo hiyo.

SSD haina mjadala. Hela ikikulazimisha uchague kati ya i5 yenye hadidiski na i3 yenye SSD, chukua i3. Gigabaiti 256 zinatosha Windows, programu na kazi za mwaka mzima, na ile hadidiski ya zamani ya gigabaiti 500 inaweza kubaki ndani kama stoo ya mafaili ya wateja. Kaa mbali na SSD au flashi za "terabaiti mbili" zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Zimechezewa zitangaze ukubwa zisio nao, na faili zinazozidi ukubwa wa kweli huharibika au kupotea.

Boksi likishapatikana, kazi haijaisha. Mashine za ofisi mara nyingi zina tundu la DisplayPort na hazina HDMI, na nyingi hazina Wi-Fi. Skrini ya mtumba nayo inaweza kuwa na VGA peke yake. Pima kwa macho nyuma ya vyote viwili kabla ya kulipa, la sivyo utafika nyumbani na vyuma viwili visivyosalimiana. Adapta ya DisplayPort na kidude cha Wi-Fi cha USB ni vya bei ndogo, na ukivitaja wakati wa kupatana mara nyingi utavipata kama nyongeza. Kwenye skrini tafuta inchi 22 yenye pikseli 1920 kwa 1080. Unapata kurasa mbili za A4 zikikaa ubavu kwa ubavu, moja unayonakili na moja unayochapa. Ifunguliwe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, ndipo mistari na madoa yanajionyesha. Zile mashine ambazo skrini na kompyuta ni kitu kimoja zinapendeza kaunta, lakini kioo kikifa umebaki huna hata kompyuta. Kwa bajeti ndogo ziache.

Kuna mpya moja inayofaa kufikiriwa: vikompyuta vidogo vyenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka 2023. Nguvu yake inakaribia i5 ya kizazi cha sita, lakini inakubalika kwa Windows 11 na umeme inaotumia ni mdogo sana. Vingi huendeshwa kwa adapta ya volti 12, jambo linalovifaa vijiji na visiwa vinavyotegemea sola. Ubaya wake ni kwamba RAM yake mara nyingi ina nafasi moja tu, na mazabodi ikiharibika hakuna wa kuitengeneza.

Wengi hukosea kwenye UPS. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika fomu ya mteja imekwenda, na ukirudi kwa kishindo unaweza kuondoka na diski. UPS ya VA 650 inaishikilia mashine ya ofisi na skrini yake kwa dakika chache tu. Hizo ni za kusevu na kuzima, si za kumalizia mechi. Printa ya leza usiichomeke humo. Sehemu yake ya kupasha karatasi joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo italia kisha izime kila kitu. Printa ikae ukutani, nyuma ya stebilaiza. Ukinunua UPS ya mtumba, chukulia kwamba betri yake imekufa na upunguze bei kwa kiasi hicho.

Laki nane ningeigawa hivi: boksi lisivuke laki nne na nusu, skrini laki moja na nusu, UPS laki moja na nusu, na elfu hamsini ya kibodi, mausi, adapta na bodaboda. Bei za sokoni hupanda na kushuka, lakini shikilia uwiano. Kama i5 ya kizazi cha nane imekataa kuingia kwenye laki nne na nusu, shuka hadi i3 ya kizazi hicho hicho. Usiiguse hela ya UPS.

Halafu leseni. Fundi atataka elfu kumi au ishirini ya "kuaktiveti" Windows. Mashine hizi za ofisi kwa kawaida huja na leseni iliyohifadhiwa ndani yake kutoka kiwandani. Ukiweka toleo lile lile na kuunganisha intaneti, inajitambua yenyewe. Zile programu za kuvunja leseni zinazopita kwenye flashi za mafundi ni njia kuu ya virusi, na kompyuta ya steshenari ndiyo ambayo wanafunzi na wazazi wanaandikia nywila zao siku nzima. Kinga iliyomo ndani ya Windows inatosha, ilimradi masasisho hayajazimwa.

Ukiridhika, dai risiti ya EFD, na iandikwe modeli, namba ya mashine na kiasi cha RAM na diski. Namba hiyo ndiyo ushahidi wako kama mashine ikija kudaiwa kuwa ya wizi, na kiasi cha RAM ndicho kinga yako dhidi ya kipande kinachopotea mashine ikienda stoo "kufungiwa boksi". Waranti iandikwe pia, siku ngapi na inahusu nini. Iwashe nyumbani siku hiyo hiyo, ifanye kazi mfululizo kwa siku mbili tatu, ili kama ni ya kufa ifie ndani ya waranti. Duka likikataa kuandika waranti hata ya mwezi mmoja, au likikukataza kufungua kifuniko, usibishane. Rudisha hela mfukoni uingie duka linalofuata, mashine hizi si adimu.